Samaki wa mimea wa kwenye pakiti: soma nyuma kwanza, kaanga baadae

Geuza pakiti ya hao "samaki" waliotengenezwa kwa mimea. Huko mbele kuna picha ya kamba wanono na neno vegan (yani hakuna cha mnyama ndani) kwa rangi ya kijani, hilo ni tangazo tu, habari yenyewe iko nyuma kwa yale maandishi madogo ya kumtesa mtu asiye na miwani.

Hapa Tanga hivi vitu vimeanza kuingia majumbani taratibu, mara shangazi kaja nazo kutoka Uingereza, mara mtu kapitia supamaketi Dar, mara mwenye loji Pangani ana wageni wasiokula kitu chochote chenye macho anataka kuwapikia "kamba" wa nazi, halafu kuna majirani zetu Wasabato na Wahindu ambao baadhi yao samaki hawamgusi toka zamani. Na swali ni lile lile, hii inakaa nafasi ya samaki au inajaza tumbo tu? Inategemea imetengenezwa na nini, na hapo ndo zinapishana vibaya mno.

Anza na viambato. Kinachotajwa kwanza ndicho kilichowekwa kwa wingi, kinachofuata kidogo zaidi, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukikuta mwanzoni kabisa ni soya, njegere, dengu au ngano (ile gluteni yake), basi hiyo ina protini ya maana. Ukikuta maji, halafu wanga, halafu konjac, hapo tulia kidogo. Konjaki ni kiazi cha kule Asia, unga wake ukichanganywa na maji unakuwa kitu kinachovutika na kurudi kama mpira, ndo maana "kamba" na "ngisi" wengi wa pakiti wanatengenezwa nao, mdomoni unadanganyika kabisa. Ila ni ufumwele na maji, basi. Protini yake mara nyingi ni gramu 0 mpaka 2 kwa kila gramu 100, wakati kamba wa kweli ana kama 20, jodari anapita hapo, pweza na ngisi wako kwenye 15 hivi. Kwa hiyo mtu anayepunguza uzito konjaki itamfaa kwa sababu inashibisha bila kalori nyingi, ila mtoto usimpe ukadhani umempa samaki, utakuwa umemjaza tumbo na mwili haujapata kitu.

Zile "tuna" za mikunde ndo nazipigia kura mimi, nyingine zinafika protini 15 na zaidi kwa gramu 100. Vile vipande vyenye chenga za mkate viko katikati, na wakati mwingine chini kabisa, kwa sababu sehemu kubwa ya unachotafuna ni unga na mafuta.

Angalia pia wanahesabu kwa kiasi gani. Pakiti za Ulaya lazima ziandike kwa gramu 100, za Marekani zinaandika kwa mlo mmoja, na huo mlo wao unaweza kuwa gramu 85, vipande vitatu hivi, nani anakula vitatu? Chukua ile namba, gawanya kwa 85, zidisha kwa 100, ndo ulinganishe na pakiti nyingine, la sivyo utasema hii ina chumvi kidogo kumbe wamekupimia kijiko.

Na chumvi ndo penyewe. Mimea haina ladha ya bahari, ile ladha inatengenezwa, na sehemu kubwa inatengenezwa kwa chumvi. WHO wanasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ni kama kijiko kimoja cha chai, ya chakula chote hicho, mkate, mchuzi, kachumbari na kila kitu. Sasa pakiti nyingine zinaandika salt, nyingine sodium, na hivi viwili siyo sawa, sodiamu unazidisha kwa 2.5 ndo unapata chumvi. Mfano imeandikwa sodiamu miligramu 500 kwa gramu 100, hiyo ni chumvi gramu 1.25, ukila gramu 200 tayari 2.5, nusu ya siku yako imeisha kwenye kitoweo peke yake. Waingereza ikizidi gramu 1.5 za chumvi kwa gramu 100 wanaiwekea rangi nyekundu, tumia kipimo hicho hicho. Mwenye presha nyumbani usimtanie na hili.

Kwa hiyo wakati wa kupika usitie chumvi, wala vile viungo vya kwenye pakiti ambavyo navyo ni chumvi tupu, tia ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili, bizari, utaona inatosha. Tui nalo liende kwa kiasi, maana mafuta ya nazi mengi ni yale yanayoganda, na baadhi ya hizi pakiti zimeshatiwa mafuta ya nazi kiwandani, soma mstari wa saturates, ndiyo hayo yanayoganda, ikizidi gramu 5 kwa 100 hiyo tayari iko juu na wewe unataka kuongeza tui zito juu yake.

Sasa yale yanayopotea ukimwondoa samaki. Vitamini B12 haipo kwenye mimea, ipo tu kama wameiongeza, tafuta neno B12 au cyanocobalamin, mtu mzima anahitaji maikrogramu 2.4 kwa siku. Kuna wanaosema kula mwani utaipata, hiyo msiitegemee. Omega 3 ile ya samaki, yani EPA na DHA, samaki mwenyewe haitengenezi kwa wingi, anaipata kwa kula vijimea vya baharini au kula waliokula hivyo vijimea, kwa hiyo viwanda vingine vinakwenda moja kwa moja kwenye chanzo na kutia mafuta ya hivyo vijimea, lebo itaandika algal oil. Ukiona hivyo ni nzuri. Ukiona wanajisifu omega 3 ya mbegu za kitani tu, ujue mwili unaibadilisha kidogo sana kuwa ile ya samaki.

Madini joto ni rahisi, ile chumvi kidogo ya vyakula vingine iwe iliyotiwa madini joto. Nasema hivi kwa sababu huku pwani kuna chumvi ya mashambani inauzwa kwa kipimo, haijatiwa chochote, na aliyeacha samaki anayahitaji hayo madini joto kuliko mwingine.

Mkiona E407 msiogope, ni karajinani, kitu cha kugandisha chakula, inatolewa kwenye mwani, na mwani wa aina hiyo ndo akina mama wa Mlingotini Bagamoyo na huku Mkinga wanalima na kuuza nje mkavu. Yani tunauza mwani, unaweza kurudi umekuwa kamba wa pakiti kwa bei ya kushangaza.

Mwenye aleji ya kamba asome mpaka mwisho, kuna pakiti zinaandika zinaweza kuwa na chembe za samaki au kamba maana mashine ni moja, na soya na ngano zenyewe ni aleji kwa wengine. Pia iliyoandikwa vegetarian tu inaweza kuwa na yai au maziwa. Na Waislamu wenzangu tazameni mvinyo na mirin (pombe tamu ya mchele ya Kijapani), zinawekwa kwenye ladha.

Kwenye sahani, kama ni konjaki weka mbaazi za nazi au kunde pembeni zibebe protini, kama ni gluteni ya ngano vile vile mikunde inaifidia kasoro yake, na mchicha ukiukamulia ndimu madini ya chuma yanaingia vizuri. Kaanga kwa mafuta kidogo, au oka, zile chenga za mkate zinafyonza mafuta balaa. Konjaki osha, kausha kwa kitambaa, dakika chache tu jikoni. Na kama umeme ulikatika usiku kucha na pakiti imeyeyuka ikawa vuguvugu, usiirudishe kwenye friza.

Ukisoma ukakuta protini haifiki 5 na chumvi imepita 1.5, irudishe rafuni, nenda sokoni Mgandini ununue kunde, au zile soya za mabonge ambazo kavu zake karibu nusu ni protini, uloweke, ukamue, utie ndimu na pilipili manga, ukaange.