Picha za Familia: Nakala Ukutani, Asili Sandukuni

Natengeneza fremu hapa Tanga, na picha zinazonifikia zikiwa zimeharibika mara nyingi ni zile zilizopendwa kuliko zote: harusi ya babu na bibi, marehemu mzee enzi za ujana wake. Zilitundikwa sebuleni mkabala na dirisha, jua likazipausha, unyevu wa pwani ukamalizia. Iliyosahauliwa kwenye bahasha kabatini hutoka nzima. Ndiyo maana nawaambia wateja wangu wote: ukutani tundika nakala, ya asili ikae gizani. Gharama yake ni ndogo sana.

Hatua ya 1: Kuzitoa zilipo

Nawa mikono, ikauke kabisa, kisha shika picha pembeni. Vumbi litoe kwa brashi laini, kavu.

Albamu zenye kurasa za gundi na plastiki juu zina mtihani wake. Gundi ile hugeuka njano na kung'ang'ania. Usibandue kwa kucha. Pitisha uzi wa kusafishia meno chini ya kona moja, uvute huku na huku taratibu mpaka utokee upande wa pili. Picha ikigoma, iache, uitolee nakala ikiwa hapohapo.

Iliyoganda kwenye kioo usiivute hata kidogo. Uso wa picha una tabaka la jelatini ambalo hulainika kwa unyevu na kushika kioo. Ukivuta, sura ya mtu inabaki kwenye kioo na mkononi unabaki na karatasi. Itolee nakala kupitia kioo hichohicho, kisha vihifadhi vyote viwili pamoja.

Hatua ya 2: Kutoa nakala

Ukipata skana, iweke kwenye nukta 600 kwa inchi. Huna? Simu inatosha. Laza picha mezani karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, zima flashi, simu iwe sambamba na meza. Nakala ya inchi 4 kwa 6 inataka pikseli 1,200 kwa 1,800 tu, na simu nyingi za leo zinavuka hapo. Ukiituma studio kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, maana ukiituma kama picha ya kawaida inabanwa na kupoteza ubora. Kama negativu bado zipo, peleka hizo zikasafishwe. Mara nyingi hutoa rangi nzuri kuliko picha iliyokwisha kupauka. Faili ziweke mahali pawili, mfano kwenye flashi na kwenye akaunti ya Google, ambako GB 15 ni bure.

Hatua ya 3: Kuhifadhi za asili

Kila picha ifunge kwa karatasi nyeupe safi. Nyuma, pembeni, andika kwa penseli laini bila kukandamiza: nani, wapi, mwaka gani. Fanya hivyo wazee wakiwepo, kwa sababu jina lisipoandikwa leo, wajukuu hawatalijua. Karatasi ikikataa penseli, andika kwenye kile ulichofungia. Pini, selotepu, mipira ya kufungia noti na magazeti visikaribie kabisa.

Kopo la biskuti linafaa. Mende na mchwa hawapenyi. Lifunge siku kavu, ndani utie vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Usiliweke juu ya dari wala sakafuni.

Hatua ya 4: Fremu

Vipande vya mbao viombe kwa seremala, kioo kikatwe kutoka mabaki ya duka la vioo. Kata pambizo la karatasi ya manila lizunguke picha ili isiguse kioo. Usitumie gundi: kunja pembetatu nne za karatasi, ziwe mifuko ya kona. Nyuma ya fremu, chini, bandika vipande viwili vya ndala kuukuu ili hewa ipite kati yake na ukuta.

Epuka ukuta wa bafu na ule unaopigwa na mvua. Sebuleni watu wanakaa, kwa hiyo usiitundike karibu na dari. Katikati ya picha pawe usawa wa kumwezesha aliyeketi kuona sura vizuri. Picha za watoto, zinazobadilishwa kila mara, hazihitaji fremu: kamba ya katani na vibanio vya nguo vinatosha.

Maji yakiingia ndani

Masika yakizilowesha, usiziache zikauke zikiwa zimeshikana. Zitenganishe ndani ya beseni la maji safi ya baridi, bila kugusa uso wake, kisha zilaze kivulini juu ya kitambaa safi, sura ikitazama juu. Zianze siku hiyohiyo, maana ukungu unaweza kuota ndani ya siku mbili. Zikiwa nyingi kuliko uwezo wako, zifunge kwenye mfuko wa plastiki uziweke kwenye friza, utoe chache chache.