Changarawe Juu, Mfinyanzi Chini: Namna ya Kuutunza Udongo wa Ngazi za Malisho Igunga na Nzega

Shuka kutoka kwenye kilima chochote cha mawe huku Igunga au Nzega, mkoani Tabora, uelekee mbugani, utapita udongo wa aina tatu au nne kabla viatu havijaanza kunata. Juu kuna luseni, mchanga mwepesi unaolimika hata kwa jembe bovu. Chini kabisa ni mbuga nyeusi inayopasuka kiangazi na kumeza gurudumu la mkokoteni masika. Mpangilio huu ndio mtaalamu Geoffrey Milne wa kituo cha Amani, Usambara, alioupa jina la katena miaka ya 1930, ingawa Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa wameshaupa majina yao hatua kwa hatua zamani kabla yake.

Makala haya yanahusu kipande cha katikati, ambacho mifugo hukipita kila siku na sisi hatukitazami. Ni bapa la ardhi lililoinuka juu ya mto au korongo, limekaa kama ngazi. Zamani maji yalipita kwa kimo hicho, yakaacha kokoto na matope, kisha mto ukajichimbia chini na kuliacha bapa likining'inia. Juu yake changarawe zimetapakaa. Chimba shubiri moja tu, jembe litagonga udongo wa kahawia unaoelekea wekundu, mzito, uliojaa vijiwe.

Watu huuhukumu udongo huu kwa njia mbili, na zote mbili zinakosea. Mfugaji anaona mawe, anasema hapa hapana kitu, ng'ombe waachwe wakanyage wapendavyo. Mkulima anashika tope lake, anahisi linavyonata, anasema huu ni mfinyanzi, utatunza maji, nipande alizeti. Wa kwanza anaharibu malisho mazuri, wa pili anapoteza mbegu. Cha kufanya ni kuupima, tena kupima kwenyewe hakuhitaji fedha.

Chukua kiganja cha udongo, ondoa vijiwe, lowesha kidogo, ukande kama unga wa chapati. Kisha usukume kati ya kidole gumba na cha shahada utoke utepe. Utepe ukipita sentimita 5 kabla haujakatika, huo ni mfinyanzi. Ukikatika kwenye sentimita 3 hivi, ni tifutifu lenye mfinyanzi. Hilo ni jepesi, na maofisa ugani wengi huishia hapo. Kazi yenyewe ni kwenye changarawe.

Chimba shimo dogo, weka kando udongo wote uliotoka bila kuacha hata konzi. Tandika mfuko wa nailoni ndani ya shimo, jaza maji hadi usawa wa ardhi huku ukihesabu lita. Tuseme limeingia lita 20. Sasa chekecha ule udongo, osha vijiwe, viweke kwenye ndoo yenye alama za lita na maji ndani, uone maji yamepanda kiasi gani. Yakipanda kwa lita 7, basi asilimia 35 ya ardhi yako ni mawe. Hapo hakuna mzizi unaokunywa.

Hesabu hiyo inabadilisha mambo mengi. Mfinyanzi usio na mawe huweza kuweka takribani milimita 150 za maji yanayofaa mmea katika kila mita moja ya kina. Mizizi ikifika sentimita 60, hiyo ni akiba ya milimita 90. Ondoa asilimia 35 ya mawe, zinabaki kama 58. Nyasi zikinywa milimita 4 kwa siku, akiba ya kwanza ingezivusha siku 22, hii ya pili inakwisha siku ya 14. Yeyote aliyewahi kuona mvua za Januari zikikatika wiki tatu huku anajua tofauti hiyo ina maana gani. Ndiyo sababu alizeti kwenye ngazi hizi huanza vizuri, inakunja majani kabla ya kuchanua, na jirani yako wa mbugani anavuna. Vijiwe vyekundu vya chuma vina vitundu na hushika maji kidogo. Vile vyeupe vigumu havishiki hata tone.

Kuna mtego mwingine. Ukipeleka sampuli maabara, kitu cha kwanza wanachofanya ni kuichekecha kwenye tundu za milimita 2 na kutupa kinachobaki juu. Majibu yanayorudi ni ya udongo laini peke yake. Yanaweza kusema ardhi ina rutuba nzuri, na ni kweli, ila rutuba hiyo imo kwenye sehemu 65 tu za kila 100. Kwa hiyo ukiomba ushauri wa mbolea kwa kipande unachotaka kupanda majani ya malisho, andika kiasi cha mawe kwenye karatasi ya sampuli. Hakuna atakayekuuliza usiposema.

Ukiwa bado shimoni, geuza jiwe moja la chini. Likiwa na ukoko mweupe upande wa tumbo, dondoshea siki au maji ya ndimu. Likichemka povu, hiyo ni chokaa. Chokaa hujikusanya pale maji ya mvua yanapoishia kushuka mwaka hadi mwaka, kwa hiyo mstari wa povu ni kama alama ya kina ambacho mvua zako huwa zinafika. Ukiukuta kwenye sentimita 40, usipoteze muda kuota miti inayotaka udongo mrefu wenye unyevu. Halafu tumbukiza bonge kavu la udongo kwenye glasi ya maji ya mvua uliache bila kuligusa. Likivunjika tu na maji yakabaki maangavu, sawa. Likitoa wingu kama maziwa kuzunguka, una magadi ndani, unakaribia itogolo, ule udongo mgumu wa magadi, na hapo usiguse kwa plau kabisa.

Sasa tuje kwenye maji yenyewe. Mvua ya milimita 10 kwenye eka moja ni lita 40,000. Udongo huu ukiwa na nyasi na changarawe zilizolala huru juu yake, matone hupasukia kwenye mawe, maji hupenyeza pembeni. Ukikanyagwa ungali mbichi, changarawe huzama kwenye tope, tope hukauka na kuzishika kama kokoto kwenye zege. Kuanzia hapo mvua ijayo inateleza tu. Mawe ni yaleyale, kilichobadilika ni kama yamelala au yamezikwa. Hivyo msiokote changarawe eti kusafisha malisho, na msiwaingize ng'ombe baada ya mvua kubwa mpaka udongo ukiufinyanga kidonge umeguke. Mara nyingi ni siku mbili au tatu. Najua kuwazuia ng'ombe siku tatu si neno dogo kwa mwenye kundi na kijana mmoja wa kuchunga.

Palipokwisha kuwa kipara pagumu, kata matawi ya miba uyalaze juu. Yatashika majani makavu, vumbi na mbegu zinazopeperuka, yatawafukuza mbuzi, na mchwa watayafuata. Tunamchukia mchwa kwa ajili ya nyumba zetu, lakini hapa vitundu vyake ndivyo vinavyofungua njia ya maji kwa bei ambayo hakuna trekta linaweza kushindana nayo. Ukitaka kwenda mbele zaidi, chimba makinga ya nusu mwezi yenye upana wa mita 4 na kina cha sentimita 15 hadi 20, mdomo ukitazama kilimani, udongo uliochimbwa ukilazwa upande wa chini. Chimba Aprili au mwanzoni mwa Mei, ardhi ikiwa bado na unyevu. Ukisubiri Septemba utavunja sururu, maana mfinyanzi huu ukikauka unakuwa tofali.

Ndani ya nusu mwezi panda Cenchrus ciliaris, nyasi yenye kichwa kinachofanana na mkia wa mbweha. Kilo 4 hadi 5 zinatosha hekta nzima, na mbegu isifukiwe zaidi ya sentimita 2. Haipendi maji yaliyotuama, kwa hiyo iweke kwenye kingo, si katikati ya shimo. Visiki vya migunga vinavyochipua msiving'oe. Chagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, punguza mengine. Hicho ndicho kisiki hai, na mizizi yake tayari imeshapita kati ya mawe ambayo mche wa kitalu ungehangaika nayo miaka.

Ngitili, yaani malisho yanayofungwa kwa msimu, nayo inafaa sana hapa, pengine kuliko mahali pengine pote shambani, kwa sababu ardhi hii haigombaniwi sana kwa kilimo. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza 1986 kwa jirani zetu Shinyanga ulionyesha kwamba eneo likifungwa tangu mvua zinapoanza hadi kiangazi, nyasi hurudi zenyewe. Mkifungua, msilishe hadi mzizi. Bakizeni nusu, vishina vya sentimita 10 hadi 15.

Kitu kinachoua ngazi hizi haraka kuliko ulishaji ni njia ya ng'ombe kwenda kunywa. Kundi hushuka ukingo wa bapa mahali pamoja, moja kwa moja, asubuhi na jioni. Kwato zinakata nyasi, mvua ya kwanza inaona mfereji umeshachongwa, na baada ya misimu michache una korongo linalorudi nyuma likila bapa lote. Hamisheni njia ishuke kwa kukata mteremko mshazari, palipo na mawe mengi zaidi. Njia ya zamani izibeni kwa miba, na ndani yake pangeni vizuizi vya mawe, katikati chini kuliko pembeni ili maji yapite juu yake bila kuzunguka. Hili halifanywi na mwenye ng'ombe mmoja. Liende kwenye mkutano wa kijiji, na Wataturu wanaopita na mifugo msimu wa kiangazi waitwe nao, kwa sababu wasipojua njia mpya wataifungua ya zamani kesho yake.

Mashimo ya moramu ambayo wajenzi wa barabara huacha kwenye ngazi hizi yasifukiwe kabla hamjaona kama yanashika maji. Mfinyanzi wa chini ukibana vizuri, hilo ni lambo la bure, na safari ya kwenda mtoni inapungua.

Baada ya mvua ya kwanza kubwa ya Novemba, rudini kwenye lile shimo la kwanza mkachimbe hatua mbili pembeni yake. Nondo ya kuchomeka haitasema kweli, itagonga jiwe mtadhani mmefika pakavu. Chimbeni kwa mkono, mtazame unyevu umeishia wapi, halafu chimbeni pia pale mlipolaza miba mkalinganishe.