Bourgogne kwa baiskeli, polepole: Beaune hadi Mâcon kwa siku nne

Kosa kubwa la safari hii hufanyika mezani, juu ya ramani. Mtu anaona Beaune na Mâcon, miji miwili ya Bourgogne, eneo la mvinyo mashariki mwa Ufaransa, zimeachana kilomita 85 hivi kwa barabara kuu, anajiambia hiyo ni kazi ya siku moja na nusu. Miguu itaweza. Kitakachomkwamisha ni saa. Maghala ya mvinyo, ambako mgeni huonja na kununua, hufungwa saa sita mchana hadi saa nane. Mikahawa ya vijijini hupokea wateja wa chakula cha mchana kuanzia saa sita, na ukifika saa nane utaambiwa jiko limefungwa. Jumapili alasiri maduka hulala, na Jumatatu mengi hayafunguliwi kabisa. Kwa hiyo panga kilomita 20 hadi 40 kwa siku, na siku yenyewe uigawe kwa kufuata mlo wa mchana: asubuhi kuendesha, mchana kula, alasiri ghala moja au mawili na kilomita chache za mwisho.

Mei, Juni na Septemba ndiyo miezi mizuri. Julai na Agosti joto linaweza kupita nyuzi 35, na shamba la mizabibu halina kivuli: mizabibu ya Bourgogne hukatwa ikawa mifupi, kiunoni tu au juu kidogo. Mavuno huanza mwishoni mwa Agosti au Septemba, kutegemea mwaka. Hapo mashamba yanapendeza kweli, lakini wakulima hawana muda wa wageni na njia zimejaa matrekta yale marefu yanayopita juu ya mstari wa mizabibu. Tokeni njiani mwachie nafasi trekta, maana hiyo ni njia yake ya kazi. Jumapili ya tatu ya Novemba Beaune hufanya mnada wa mvinyo wa Hospices, hospitali ya zamani iliyoanzishwa 1443, na chumba cha kulala huwa taabu kupata.

Baiskeli ni bora kukodi Beaune kuliko kuisafirisha kwa ndege. Kutoka Paris, treni ya kasi ya stesheni ya Gare de Lyon hufika Dijon kwa muda wa saa moja na nusu na kitu, kisha treni ya mkoa, TER, hukufikisha Beaune kwa dakika 20 hivi. Omba aina wanayoiita VTC: usukani mnyoofu, tairi za upana wa milimita 35 hadi 42, karia ya nyuma na madigadi. Baiskeli ya mashindano yenye tairi nyembamba itakutesa, kwa sababu njia za mashambani zina zege lililopasuka na changarawe. Kagua gia pia. Gia ndogo kabisa ya mbele isizidi meno 30 na kubwa ya nyuma iwe na meno 32 au zaidi, la sivyo vilima vya Volnay utavipanda kwa miguu. Ukichukua ya umeme, betri ya wati-saa 400 hadi 500 inatosha kwa siku yoyote ya safari hii, mradi uichaji kila usiku. Msaada wa mota hukatika ukifika kilomita 25 kwa saa, hiyo ni sheria na si hitilafu.

Kabla ya kutoka dukani fanya mambo matatu. Panda kwenye siti, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuyumba. Siti ikiwa chini mno magoti huanza kuuma siku ya pili, na watu wengi hudhani ni uchovu tu. Pili, jaribu breki. Ufaransa mkono wa kushoto hushika breki ya mbele, ilhali baiskeli zilizofuata desturi ya Uingereza huiweka mkono wa kulia. Aliyezoea hizo akiminya kwa nguvu mkono wa kushoto kwenye mteremko wenye changarawe, gurudumu la mbele linateleza na yeye yuko chini. Minya mara kumi ukiwa umesimama, mpaka mikono ikariri. Tatu, upepo wa tairi: kwa mtu wa kilo 70 na tairi ya milimita 38, bar 3.5 nyuma na bar 3 mbele inafaa. Ikiwa imejaa sana utarushwarushwa. Ikilegea, rimu itabana tyubu kwenye ukingo wa zege na kukupa pancha ya matundu mawili yaliyo sambamba.

Mzigo usizidi kilo 10, kwenye mikoba miwili ya pembeni, vizito vikae chini na pande zote zilingane. Beba tyubu moja ya akiba, viraka na solusheni, vijiti viwili vya kung'olea tairi, pampu, alenki za milimita 4, 5 na 6, koti la mvua, na lita moja na nusu ya maji. Kwenye chemchemi za vijijini soma kibao: "eau potable" hunyweka, "eau non potable" usiguse. Chupa ikikauka na kijiji kimefungwa, tafuta makaburi. Karibu kila eneo la makaburi Ufaransa lina bomba la kumwagilia maua. Hata hapo angalia kibao kwanza.

Siku ya kwanza ni ya Voie des Vignes, njia ya baiskeli inayotoka Beaune upande wa bustani ya Bouzaize hadi Santenay, kilomita 22 tu. Inapita Pommard, Volnay, Meursault, Puligny-Montrachet na Chassagne-Montrachet. Utaona kuta za mawe zimezungusha vipande vidogo vya shamba. Vipande hivyo huitwa climats, vingine vina majina yake tangu enzi za watawa, na mwaka 2015 UNESCO iliviingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Pommard na Volnay ni nchi ya mvinyo mwekundu wa zabibu za Pinot Noir. Ukiingia Meursault umeingia kwenye mweupe wa Chardonnay. Angalia mteremko wenyewe: mashamba ya bei kali zaidi yako katikati ya kilima, si juu penye udongo mwembamba wala chini tambarare panapotuama maji. Msomaji anayeyajua mashamba ya Dodoma atashangaa kidogo, kwani kule mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na huku mara moja tu. Usichume zabibu. Ni wizi, na kuanzia Mei hadi Julai huenda zimepigwa dawa asubuhi hiyo hiyo. Ukiona trekta linapuliza dawa, subiri upande upepo unakotoka, na nawa mikono kabla ya kula.

Siku ya pili ni rahisi, karibu kilomita 28. Kutoka Santenay shuka hadi Chagny, kisha fuata mfereji wa Canal du Centre mpaka mji wa Chalon-sur-Saône. Njia ni tambarare, ina kivuli mahali pengi. Ni siku nzuri ya kupumzisha miguu na kichwa. Hakuna la ziada la kusema juu yake.

Ya tatu ndiyo ndefu, kilomita 40 hivi. Toka Chalon hadi Givry, hapo unaingia kwenye reli ya zamani iliyogeuzwa njia ya baiskeli. Kipande cha Givry hadi Cluny, kilomita 44, kilifunguliwa 1997 na kilikuwa cha kwanza cha aina yake Ufaransa. Kwa kuwa treni haikuweza kupanda mlima mkali, nawe hutapanda. Pita Buxy na Saint-Gengoux-le-National, ulale Cormatin, kijiji chenye kasri. Hatari ya hapa ni makutano: kila njia inapokata barabara, wewe ndiwe unayesimama.

Siku ya nne utapita chini ya Taizé, jumuiya ileile ya Kikristo iliyokusanya vijana Nairobi mwaka 2008, ufike Cluny, penye mabaki ya abasia, makao ya watawa, iliyoanzishwa 910. Cluny hadi Mâcon ni kilomita 25 hivi, na katikati kuna handaki la Bois Clair lenye urefu wa kilomita 1.6. Ndani ni baridi hata Julai, kwa hiyo vaa koti kabla ya kuingia, uwashe taa. Majira ya baridi hufungwa kwa ajili ya popo wanaolala humo, na hapo itakubidi kuupanda mlima wenyewe.

Sasa mvinyo. Weka miadi siku moja au mbili kabla. Mkulima mdogo hana mtu wa kukaa akisubiri wageni. Ukiingia, neno la kwanza ni "bonjour", na ukilisahau mapokezi hupoa. Kila onjo huwa sentilita 4 au 5. Maonjo matano ya sentilita 4, mvinyo wa asilimia 13, ni sawa na glasi mbili za baa, na kikomo cha sheria ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, kwa mwendesha baiskeli kama kwa dereva wa gari. Kwa hiyo tema. Kuna chombo maalumu cha kutemea, na hakuna atakayekuona mshamba. Wataalamu wote hutema. Usinunue chupa nyingi pia: chupa moja ina kilo 1.3 hivi, na mvinyo ukikaa mkobani juani huharibika. Uliza kama wanatuma.

Asiyekunywa hapotezi safari. Juisi ya zabibu huuzwa, na kinu cha haradali cha Fallot pale Beaune hupokea watalii. Awe macho mezani lakini: boeuf bourguignon, yaani nyama ya ng'ombe, na mayai ya en meurette hupikwa kwa mvinyo, na vyote viwili kwa kawaida huwekwa nyama ya nguruwe. Jambon persillé yenyewe ni nyama ya nguruwe. Gougères, vitumbua vya jibini, kwa kawaida havina mvinyo wala nguruwe.

Barabarani Ufaransa huendesha kulia. Anayetoka Kenya, Tanzania au Uganda hasahau kwenye msongamano, maana magari humkumbusha. Husahau akitoka uani mwa ghala kwenye njia tupu, akashika kushoto bila kujua. Vijijini pasipo kibao, anayetokea kulia kwako ndiye mwenye haki ya kupita, hata akitoka kichochoroni. Vipokea sauti masikioni vina faini ya euro 135. Giza likiingia nje ya mji, fulana ya kuakisi mwanga ni lazima, na mtoto chini ya miaka 12 lazima avae helmeti.

Ukipata pancha, usikimbilie kubadili tyubu. Pitisha vidole polepole ndani ya tairi utafute mwiba au kipande cha waya wa mizabibu. Ukikiacha, tyubu mpya itadumu dakika tano. Kiraka kinachobanduka karibu kila mara ni cha mtu aliyekibandika solusheni ikiwa mbichi. Sugua tyubu, paka, ngoja mpaka ipoteze mng'ao na isinate, ndipo ubandike.

Mâcon ina stesheni mbili. Mâcon-Loché ya treni za kasi iko nje ya mji. Wewe unataka Mâcon-Ville. Baiskeli ya kukodi hurudi Beaune kwa TER, chini ya saa moja, katika behewa lenye alama ya baiskeli mlangoni. Vua mikoba kabla treni haijaingia.