Kula Mtwara mjini: anzia Feri, malizia kwa ming'oko

Fika soko la samaki la Feri asubuhi. Funua shavu la samaki: liwe jekundu, na jicho limetuna. Likiwa limezama, mwache.

Pweza mtafute siku za bamvua. Maji yakikupwa sana ndipo wanapopatikana kwa wingi miambani. Ukipika mwenyewe, mpondeponde kwanza, kisha mchemshe kwa maji kidogo tu, maana anatoa yake. Chomeka uma kwenye shina la mkono. Ukipenya bila kulazimisha, kaiva. Anayerukishwa motoni mbichi hugeuka mpira.

Ming'oko, mizizi inayoliwa kama viazi, huchimbwa porini, huuzwa mitaani imeshachemshwa. Chagua yenye joto bado, menya, chovya chumvi na pilipili. Mabibo, matunda ya mkorosho? Msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba. Shati jeupe liache nyumbani, doa lake halitoki.