Kioo cha umeme kimegoma? Tafuta umeme unapoishia kabla hujanunua mota

Kama unaendesha gari ya zamani hapa Malindi, hizi Corolla 110 zilizoanza kutoka 1995, Nissan B15, Noah za kitambo na nyenginezo, pawa windo, yaani kioo cha umeme, itakusumbua tu, kama si mwaka huu basi ujao. Naandika haya kwa sababu nachoka kuona watu wakiuziwa mota ambazo hawazihitaji. Kioo kimegoma, mtu anaambiwa mota imekufa, anaagiza ya ex-Japan, yaani iliyotumika Japani, kutoka Mombasa, inafungwa, kioo bado hakipandi, halafu ndio mtu anagundua ni swichi tu ilikuwa chafu au waya umekatika pale kwenye bawaba za mlango. Pesa ishakwenda.

Huku kwetu adui mkubwa ni chumvi. Kusi ikishika, hewa yote ya upande wa Shela na Silversands inakuwa na unyevu wa bahari, na gari inayolala nje huko inapata ule unyevu usiku kucha, sasa wale wanaofanya safari za Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi ndio usiseme. Chumvi na shaba hazipatani hata kidogo. Ndio maana mimi siku zote naanza na vitu vya shaba, yaani swichi, soketi na waya, mota naiacha mwisho.

Kwanza kama kioo kimekwama chini na mvua inakuja, kwa muda huo fanya hivi: washa gari, mtu mmoja abonyeze swichi ya kupandisha na wewe ukishike kioo kwa viganja viwili, kimoja nje kimoja ndani, ukivute juu taratibu bila kukipinda. Mara nyengi kinapanda. Kikishafika juu usikiguse tena mpaka ukitengeneze, na kama kinateleza kushuka chomeka kabari ndogo ya mbao kati ya kioo na raba kwa upande wa ndani. Injini iwe inanguruma wakati huo kwa sababu alteneta inatoa karibu volti 14, betri peke yake iko 12 na kitu, na kwa mota iliyochoka hiyo tofauti inaonekana.

Haya, sasa tutafute ugonjwa. Swali la kwanza ni je, vioo vyote vimekufa au ni kimoja? Vikifa vyote kwa pamoja usiguse mlango wowote, nenda kwenye boksi la fyuzi. Fyuzi ya vioo kawaida ni ya ampea 20 au 30, ukiikuta imeungua weka yenye namba ile ile, na ikiungua tena basi kuna waya unagusa bodi mahali, sio fyuzi ndogo. Kuna watu wanafunga kipande cha waya badala ya fyuzi, jamani msifanye hivo, hiyo ndio njia ya kuchoma gari. Fyuzi ikiwa nzima angalia rilei, ile swichi ndogo inayowashwa na umeme wenyewe, halafu eathi ya mlango wa dereva, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi.

Kikiwa ni kimoja, kaa na hicho kimoja. Kama ni cha abiria, jaribu kwa swichi ya dereva halafu jaribu kwa swichi ya mlango wake wenyewe. Kinafanya kazi kwa moja na kwa nyengine hakifanyi? Basi mota ni nzima na mashine ni nzima, wewe una shida ya swichi, maliza hapo. Na kabla ya yote angalia kile kitufe cha kufunga vioo vya watoto pale kwa dereva, kikibonyezwa swichi za abiria zinakufa zote na mtu anaweza kufungua milango bure siku nzima.

Kuna jambo hapa hata mafundi wengine wanalipita. Kwenye Toyota nyingi za zamani swichi ya abiria haipati eathi yake moja kwa moja, inapitia masta swichi ya dereva. Kwa hiyo masta ikiwa chafu kioo cha abiria kinaweza kugoma hata ukibonyeza swichi yake mwenyewe ambayo haina ubaya wowote. Unaibadilisha swichi ya nyuma, hakuna kitu, unabadilisha mota, hakuna kitu. Masta ndiyo mama wa swichi zote, muangalie yeye kwanza.

Halafu tumia masikio na macho. Ingia ndani ya gari jioni au mahali pa giza kidogo, washa taa ya ndani ya paa, bonyeza swichi huku unaiangalia ile taa. Ikififia kidogo maana yake umeme unafika kwenye mota lakini mota imekwama au kioo ndio kimebanwa. Isipofifia hata kidogo umeme unakatika njiani. Hii haikugharimu hata shilingi na inakupa nusu ya jibu. Ukisikia mota inazunguka vvvvv lakini kioo hakiendi, hapo ni rejuleta, ile mashine ya ndani ya mlango inayopandisha kioo, yaani kebo imekatika au meno ya plastiki yameisha. Na kama hakuna sauti lakini ukiupiga mlango kwa ngumi upande wa ndani huku umebonyeza, kioo kikashtuka na kupanda, hizo ni kaboni, vile vipande vinavyopitisha umeme ndani ya mota, zimeisha au zimenata, hapo ndio mota kweli inaelekea mwisho.

Tuseme ni swichi. Masta inatoka kwa kuinua plastiki yake ya kuegemezea mkono, kuna skrubu moja au mbili na klipu, tumia bisibisi bapa uliyoizungushia kitambaa ili usichubue. Chomoa soketi kwa kubonyeza kile kiulimi, usivute waya. Ukishaitoa ile swichi kaa nayo mezani kwenye mwanga, tandika kitambaa cheupe chini kwa sababu ndani kuna springi ndogo ndogo na visahani vya shaba vinavyobembea, na vikiruka kwenye mchanga wa uani hutaviona tena. Piga picha kwa simu kila hatua. Fungua taratibu na utaona mwenyewe, kwenye vile visahani kutakuwa na unga wa kijani, na pale katikati panapogusana pameungua peusi. Ule weusi ndio unaozuia umeme. Chukua msasa laini kabisa, namba 1000 hivi, sugua kidogo mpaka shaba ing'are, usisugue mpaka ikaisha, halafu safisha kwa dawa ya spreya ya kusafishia vifaa vya umeme na uache ikauke. Petroli usitumie, inakula plastiki. Paka grisi ya silikoni kidogo sana kwenye sehemu zinazosuguana, rudisha kila kitu kama picha inavyokuonyesha. Swichi nyingi zinazotupwa hapa mjini zingeweza kurudi kazini kwa nusu saa ya kazi hii.

Swichi ikiwa safi na bado, twende kwenye waya. Fungua mlango, tazama pale kati ya mlango na bodi, kuna bomba la mpira lenye mikunjo ambalo waya zinapita ndani yake. Ule mpira kwenye gari ya miaka ishirini na zaidi huwa umepasuka, maji yanaingia, na waya zimekunjwa na kunyooshwa kila ukifungua mlango tangu gari ikiwa mpya kule Japani. Uvute utoke, zipapase waya moja moja, kwa sababu nyengine kwa nje zinaonekana nzima kumbe shaba ya ndani imekatika, ukiuvuta kidogo unarefuka kama mpira, huo ndio wenyewe. Ukate, kwangua shaba mpaka ionekane nyekundu safi, ikiwa ni ya kijani endelea kukata mpaka ufike penye uzima, ongeza kipande cha waya mpya wa unene ule ule uchome kwa solda. Na kiungo usikiweke pale pale panapokunjika, kipeleke ndani ya bodi au ndani ya mlango, maana solda inafanya waya uwe mgumu na utakatika tena kando yake. Kusokota kwa mkono na kuzungusha selotepu ya karatasi sio kazi, msimu mmoja tu wa mvua unarudi pale pale.

Sasa kama waya nazo ziko sawa ndio tunafungua mlango. Skrubu ziko nyuma ya mkono wa kufungulia na chini ya pa kushika, zilizobaki ni klipu pembeni, anza chini, ingiza kitu bapa karibu kabisa na klipu ndio uinue, ukivuta kava katikati utavunja. Chini yake utakuta nailoni imegandishwa kwa gundi nyeusi. Naomba sana mwenzangu, hiyo nailoni usiichane wala usiitupe. Ibandue polepole kwa kisu butu. Nitarudi kwake.

Ukiona soketi ya mota, ichomoe. Utakuta waya mbili nene. Mota hii haina eathi ya kudumu, ukiipa chanya upande mmoja na hasi upande mwengine kioo kinapanda, ukizigeuza kinashuka, hivo tu. Chukua waya mbili kutoka kwa betri, ule wa chanya uwe na fyuzi ya 20 katikati, gusisha. Vidole viwe mbali na kioo na mkasi wa ndani, yaani vyuma vya rejuleta vinavyopishana kama mkasi, kile kitu kina nguvu ya kuvunja kidole. Kikienda vizuri basi mota haina neno, rudi kwenye waya. Kikienda kwa kusuasua gusisha kidogo kidogo tu, ukishikilia muda mrefu kuna kizuizi cha joto ndani ya mota kinakata umeme, utadhani umeiua kumbe ukingoja ipoe inarudi. Isiposonga kabisa kwa umeme wa moja kwa moja, hapo sasa nenda kanunue mota, na uipeleke ya zamani mkononi ufananishe meno na soketi, pia uhakikishe ni ya upande ule ule, kushoto na kulia hazifanani. Ex-Japan waambie waijaribu kwenye betri pale pale dukani.

Hatari moja ambayo nataka isomwe vizuri. Kama rejuleta yako ni ile ya mkasi, ina springi kubwa iliyojikunja inayosaidia kuinua kioo. Mota ndiyo inayoushikilia ule mkasi. Ukifungua skrubu za mota kabla hujaufunga mkasi ili usicheze, unafyatuka, na vyuma vyake ni vikali. Ubane kwa vaisi au upitishe boliti kwenye matundu kuufunga, ndio ufungue. Kioo nacho kiondoe kwanza kwenye boliti zake, mara nyingi spana namba 10, ukigandishe juu ya fremu kwa gundi tepu pana, vipande virefu viwili vitatu vikipita juu mpaka upande wa pili.

Kuna vioo ambavyo umeme uko sawa na mota iko sawa, shida ni raba za pembeni kioo kinapopita. Vumbi la Barani likichanganyika na chumvi linakuwa gumu mle kwenye mfereji, mota inasukuma mpaka inaungua. Funga kitambaa chenye maji na sabuni kwenye kijiti chembamba, safisha mfereji wote mpaka kitambaa kitoke cheupe, uache ukauke halafu puliza silikoni. Mafuta ya injini hapana, grisi hapana, vumbi litashika humo na utakuwa umeongeza kazi. Grisi inakwenda kwenye meno na reli za rejuleta tu.

Kabla hujarudisha kava angalia chini kabisa ya mlango, kuna matundu ya kutolea maji. Yachokoe kwa waya mwembamba. Kwenye magari ya huku utatoa mchanga, majani ya mvinje na wakati mwengine maji ya kutu yanamwagika mguuni, na hayo maji yalikuwa yamekaa ndani na mvuke wake unapanda kwenye mota kila jua likiwaka. Halafu irudishe ile nailoni, gundi ikiwa imekauka ongeza mpya, na ncha ya chini iingie ndani ya mlango ili maji yateremkie kule. Ikiwa ilishatupwa na fundi aliyepita kata nailoni nzito uweke nyengine.

Jaribu kioo kupanda na kushuka kabla ya kubana klipu, kwa swichi zote mbili. Mwisho mwagia kioo ndoo ya maji kwa nje, maji yatoke kwenye yale matundu ya chini. Ukipapasa zulia ndani ukakuta limelowa, nailoni haijashika, bandua kava uirudie.