Kabla ya kuhama na mtoto mdogo: mambo ya kuzingatia

Mtu mzima akihama huwaza mizigo, gari na nani atamsaidia kubeba. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu, au miwili, au anayekaribia mitatu, hana habari na hayo. Yeye amezoea kwamba akiamka dirisha liko upande ule, maji ya kuoga yanasikika yakimwagika kule, baada ya kuoga kunafuata kitabu, na baada ya kitabu taa inazimwa. Mfuatano huo ndio nyumbani kwake. Kwa hiyo, kabla hujafunga hata boksi moja, kaa na mwenzako mjiulize: ni nini tutakiacha vilevile? Mapya yatakuja yenyewe, hayahitaji kualikwa.

Anza kwa kuangalia mambo mengine yanayoendelea katika maisha yake. Kumwachisha ziwa, kumfundisha kutumia poti, kumtoa kwenye kitanda chenye vizuizi, kuanza kulelewa na mtu mpya: kila moja ni kazi kubwa kwa mtoto hata kama haendi popote. Ukiyabana yote katika mwezi mmoja na kuhama, usishangae akigoma kote. Kama ameshaanza poti na anaendelea vizuri, endelea. Kama hujaanza, ngoja hadi mtulie kwenye nyumba mpya wiki kadhaa. Nalisema hili la kitanda kwa mkazo kidogo, maana wazazi wengi hupenda kumnunulia mtoto kitanda kipya "kwa ajili ya chumba kipya". Nia ni njema, wakati ndio mbaya. Usiku wa kwanza mtoto anakihitaji kitanda kilekile, godoro lilelile, hata kama limechakaa.

Kumwambia nako kuna wakati wake. Mtoto wa miaka miwili hana "mwezi ujao" kichwani. Ukimtangazia mapema mno utamwachia wasiwasi usio na mwisho, na kila asubuhi atauliza kama ni leo. Siku tatu au nne kabla zinamtosha. Aliyekaribia mitatu anaweza kuambiwa wiki moja kabla, hasa kama ameshaanza kuona makabati yanabaki matupu. Tumia maneno machache, na utaje vitu na watu anaowajua: "Tutakwenda kulala nyumba nyingine. Mama atakuwepo, baba atakuwepo, sungura wako atakuwepo, blanketi lako litakuwepo." Kumsifia nyumba kwamba ni kubwa na nzuri hakumsaidii, hajaomba nyumba kubwa. Kama inawezekana kumpeleka akaione kabla, mpeleke, mwache aguse milango na kukimbia vyumbani, mle kitu kidogo pale mkiwa mmekaa sakafuni, mrudi.

Maboksi yana mambo yake. Ukitazama kwa macho ya mtoto, kila siku kitu anachokijua kinaingizwa ndani, kinafungwa kwa gundi ya karatasi, na hakionekani tena. Ndiyo maana utamkuta nyuma yako anatoa vijiko ulivyopanga sasa hivi, kimoja kimoja, akivirudisha droo. Si utundu. Anarekebisha kosa lako. Mpe boksi lake dogo mcheze mchezo wa kuweka na kutoa: gari ndani, funga, fungua, gari lile pale. Mchezo huo, ukirudiwa hadi wewe uchoke, unamwonyesha kwamba kilichofungwa hufunguliwa. Vitu vyake vifungwe mwisho na vifunguliwe mwanzo. Wala usitumie nafasi hii kutupa midoli iliyovunjika. Ile gari isiyo na tairi inaweza kuwa ndiyo atakayoiulizia saa sita za usiku.

Andaa pia mfuko mmoja usiopanda kwenye gari la mizigo kwa vyovyote vile. Weka nepi, nguo za kubadili, kikombe chake, dawa anazotumia, kadi ya chanjo, kitabu cha usiku, kitu anacholalia nacho, na shuka yake ambayo haijafuliwa. Naam, haijafuliwa. Harufu anayoijua humtuliza kuliko usafi, na nyumba ngeni ina harufu ngeni kila kona.

Sasa usalama, na hapa usiwe na haraka. Nyumba ya zamani mlikuwa mmeshaizoea. Mlijua kona ipi ina ncha na droo ipi haifungi. Mpya hamuijui, na mtoto ataijua kabla yenu. Ingia ikiwa tupu, piga magoti, tambaa chumba kwa chumba, utazame kwa kimo chake. Utaona misumari na skrubu zilizoachwa na mafundi, soketi zilizolegea, kamba za mapazia zinazoning'inia hadi chini. Kamba hizo zifunge juu asikozifikia, kwani humnyonga mtoto kimyakimya. Fungua kabati lililo chini ya sinki na kila tundu la stoo: waliohama huacha sabuni kali, dawa za kuzibua mabomba, wakati mwingine sumu ya panya. Betri ndogo bapa za rimoti na saa ni za kuogopwa hasa, maana mtoto akimeza moja ikakwama kooni inaweza kuunguza nyama za ndani ndani ya saa 2 tu. Ukishuku amemeza, mkimbize hospitali hapohapo. Kwa vitu vingine vidogo, chukua lile bomba la karatasi linalobaki ndani ya karatasi ya chooni. Kinachopita humo kinaweza kumkaba.

Madirisha ya ghorofani yawekewe vizuizi yasifunguke zaidi ya sentimita 10, na kitanda au kiti kisikae chini yake. Ngazi zinataka geti juu na chini, na lile la juu lifungwe ukutani kwa skrubu, si la kubana tu. Bafuni, angalia kitasa kabla ya yote. Kama mlango una komeo la ndani, mtoto atajifungia humo siku ya kwanza au ya pili, na mtakuwa bado hamjui funguo za akiba ziko wapi. Liondoe au lipandishe juu. Maji ya moto yapimwe: nyuzi 60 za Selsiasi humuunguza mtoto vibaya kwa sekunde chache, hivyo yashushwe yasizidi kama 50. Na ndoo isiachwe na maji, hata kidogo, kwani mtoto wa umri huu anaweza kuzama kwenye kina cha sentimita 5.

Makabati na meza za droo vifungwe ukutani. Wengi hulijua hilo ila hupanga kulifanya "tukishatulia", wakati siku zile za kwanza, droo ziko wazi nusu na kila mtu ana shughuli zake, ndizo siku ambazo mtoto hupanda. Kama hamjapata fundi, kilazeni kabati chini. Nyumba kuukuu ina jambo la nyongeza: rangi inayobanduka inaweza kuwa na madini ya risasi, yanayodhuru ubongo wa mtoto. Futa vumbi kwa kitambaa chenye maji, na usikwangue rangi mtoto akiwa humo.

Siku yenyewe ya kuhama, awepo mtu mzima mmoja mwenye kazi moja tu: mtoto. Asiwe anayebeba, asiwe anayepokea simu za dereva. Wapo wanaomwondoa mtoto asubuhi na kumrudisha jioni nyumba mpya ikiwa imeshapangwa. Kwa maoni yangu hilo linamchanganya zaidi: aliondoka mahali, akarudi mahali pengine, vitu vyake vimefikaje? Bora aone sofa ikipakiwa, aone chumba chake kikiwa kitupu, aage ("kwaheri dirisha, kwaheri mlango"), kisha aondolewe kelele zinapozidi. Kuaga kuchukue dakika mbili. Ukilia sana, atakulilia wewe.

Mkifika, kitanda chake kifungwe kabla ya jiko, kabla ya televisheni, kabla ya kitu chochote. Kama kilikuwa kimeegemea ukuta upande wa kushoto, kiegemee kushoto. Taa ndogo ya usiku iwe ileile. Ukiweza, kaa chumbani humo jioni moja kabla ya kuhamia, uzime taa, usikilize: bomba linalogonga, mbwa wa jirani, mwanga wa magari unaopita darini. Ukishavijua, utaweza kumtajia kwa jina akishtuka. Amueni mapema pia kama usiku wa kwanza mtalala naye au mtakaa kando yake hadi apitiwe na usingizi. Uamuzi unaofanywa saa nane za usiku na watu wawili waliochoka huwa ni uamuzi wa aliyechoka zaidi.

Wiki zinazofuata mtarajie arudi nyuma kidogo. Aliyeacha nepi anaweza kujikojolea, aliyelala usiku kucha akaamka mara mbili, na anayejitegemea akakung'ang'ania mguu hata ukienda chooni. Usimkemee wala usimlinganishe na alivyokuwa. Kuna pia jioni atakayochukua viatu vyake, asimame mlangoni na kusema, "Twende nyumbani." Jibu la haraka ni "hapa ndipo nyumbani", na kwake halina maana. Chuchumaa umwambie: "Umeikumbuka ile nyumba, eeh? Ile ya mlango wa buluu. Nami naikumbuka. Leo tunalala hapa, na sungura yuko kitandani." Halafu endeleeni na kuoga, kitabu, taa.

Wengi hutulia ndani ya wiki chache. Asipokula wala kunywa, akipoteza maneno aliyokuwa akiyasema, au wiki zikipita na hali inazidi kuwa mbaya, mpeleke kwa daktari. Ndiyo maana kliniki iliyo karibu na makazi mapya itafutwe kabla ya kuhama: mjue inafunguliwa saa ngapi, mnafikaje usiku, na namba ya dharura iandikwe mahali ambapo hata mlezi mgeni ataiona.