Namna Daktari Anavyoweza Kutetea Mazingira kwa Ushahidi wa Kliniki Yake

Kuanzia mwaka 2007 hadi 2014, wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru mjini Mombasa waliishi ubavuni mwa kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu za magari ili kupata madini ya risasi. Moshi na maji machafu ya kiwanda hicho vilifika hadi kwenye makazi ya watu wapatao 3,000, na Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa humo, akaja kubaini kwamba mtoto wake mchanga alikuwa na sumu ya risasi mwilini. Harakati alizozianzisha zilifika mahakamani. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo, na Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Malalamiko kuhusu moshi na harufu yapo katika mitaa mingi ya Afrika Mashariki na hayafiki popote. Yale ya Owino Uhuru yalikuwa na vipimo vya damu nyuma yake, na kipimo cha damu ni kitu kinachopita mikononi mwa mhudumu wa afya kabla hakijafika kwa wakili au mwandishi wa habari.

Mwongozo huu unawalenga madaktari, matabibu na wauguzi wanaotaka kulitetea suala la mazingira kwa kutumia kazi yao yenyewe. Msimamo wangu ni kwamba nguvu ya daktari katika jambo hili inatokana na daftari lake zaidi kuliko cheo chake, kwa hiyo sehemu kubwa ya yatakayofuata inahusu namna ya kulijaza daftari hilo na namna ya kulitumia.

Anza kwa kuuliza mgonjwa anaishi wapi na anafanya nini

Sumu ya risasi kwa mtoto huleta maumivu ya tumbo, kufunga choo, upungufu wa damu, kuchelewa kukua kiakili na, ikizidi, degedege. Hakuna hata dalili moja kati ya hizo ambayo hatuikuti kila wiki kwa sababu nyingine, na ndiyo maana mtoto anaweza kutibiwa malaria na minyoo mara kadhaa bila mtu kufikiria udongo anaouchezea. Hali ni hiyo hiyo kwa moshi wa jikoni. Mama anapomleta kwa mara nyingine mtoto mwenye kikohozi na kupumua kwa shida, dawa atapewa, lakini maswali mawili hayachukui hata dakika moja: "Mama, nyumbani mnapikia nini? Na wakati unapika, mtoto huwa wapi?" Akijibu kwamba hupikia kuni ndani ya chumba chenye dirisha dogo, naye mtoto huwa mgongoni, umeshapata sehemu ya maelezo ya ugonjwa ambayo stethoskopu haiwezi kukupa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020.

Maswali hayo yafuate mazingira ya kituo chako. Anayefanya kazi Geita amuulize mgonjwa mwenye kutetemeka mikono kama huchoma dhahabu iliyochanganywa na zebaki, na kama kazi hiyo hufanyika uani mwa nyumba. Aliye karibu na dampo la Pugu jijini Dar es Salaam au la Dandora jijini Nairobi aulize kuhusu moshi wa taka zinazochomwa. Palipo na mafundi wa betri na wauza vyuma chakavu, muulize baba kama hurudi nyumbani na nguo za kazini, kwa kuwa vumbi la risasi husafiri kwenye nguo na kuwafikia watoto.

Jibu likishapatikana, liandikwe. Vitabu vya MTUHA, yaani vya kumbukumbu za wagonjwa katika vituo vya afya vya Tanzania, vina nafasi ya makazi ya mgonjwa, na wengi wetu huandika jina la kata tu, jambo ambalo huufanya uchambuzi wowote wa baadaye usiwezekane. Andika mtaa au kitongoji. Kwa kalamu ni neno moja la ziada, lakini kwa atakayetafuta miaka mitatu baadaye kama wagonjwa wanatoka upande mmoja wa mto, neno hilo ndilo litakalompa jibu.

Hesabu kabla ya kusema

Daktari wa watoto Mona Hanna-Attisha wa mji wa Flint, nchini Marekani, hakuwa na fedha za utafiti mkubwa. Aprili 2014 mji huo ulibadili chanzo cha maji na kuanza kutumia maji ya mto Flint bila kuyatia dawa ya kuzuia kutu kwenye mabomba, na wakazi wakalalamika kwa zaidi ya mwaka mzima huku wakijibiwa kwamba maji ni salama. Alichofanya daktari huyo ni kuchukua vipimo vya risasi ambavyo tayari vilikuwa kwenye kumbukumbu za hospitali, kwa sababu watoto walikuwa wakipimwa kama utaratibu wa kawaida, kisha akalinganisha kipindi cha kabla na cha baada ya mabadiliko hayo. Watoto wa chini ya miaka 5 waliokuwa na mikrogramu 5 au zaidi za risasi kwa desilita ya damu walikuwa wameongezeka kutoka asilimia 2.4 hadi 4.9. Alipotangaza matokeo hayo Septemba 2015, maofisa wa jimbo walimpinga hadharani. Lakini hesabu zake zilisimama, na Oktoba mwaka huo huo mji ukarudi kwenye maji ya awali.

Inafaa kutambua kwamba asilimia 4.9 ni ndogo. Wengi wangeiona wakasema haitoshi kuleta kelele. Uzito wake ulitokana na ulinganisho, kwani palikuwa na kabla na baada, na palikuwa na mahali panapojulikana. Kwa hiyo, kabla hujaandika barua yoyote, keti na mtunza kumbukumbu wa kituo chako mkajibu maswali matatu: wagonjwa wa aina hii walikuwa wangapi kabla ya kiwanda, machimbo au dampo kuanza, ni wangapi sasa, na mtaa ulio mbali na chanzo hicho una wangapi. Kama idadi haijabadilika, kubali hivyo na uendelee kufuatilia bila kuilazimisha. Daktari akikutwa ametia chumvi mara moja, wakazi anaowatetea ndio watakaolipa gharama.

Kuhusu upimaji wenyewe, tahadhari moja ni ya lazima. Damu ya kidoleni huchafuliwa kwa urahisi na vumbi lililo kwenye ngozi, hasa kwa mtoto aliyetoka kucheza nje, na matokeo yakatoka makubwa kuliko ukweli. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji na kukaushwa vizuri kabla ya kuchoma kidole, na kila jibu la juu lithibitishwe kwa damu ya mshipa iliyowekwa kwenye chupa isiyo na mabaki ya madini. Wasiliana kwanza na maabara itakayopima, iwe ya Mkemia Mkuu wa Serikali au nyingine, ili wakueleze chupa wanayoitaka na namna ya kusafirisha sampuli. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaelekeza kwamba mtu akikutwa na mikrogramu 5 kwa desilita au zaidi, chanzo kitafutwe na kuondolewa. Kwa mtoto mwenye 45 au zaidi, matibabu ya kuitoa risasi mwilini yanapendekezwa. Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Siri ya mgonjwa

Mtetezi akisahau kwamba ni daktari, huanza kuwaonyesha wagonjwa kama vielelezo. Katika kitongoji chenye kaya chache, kuandika "mvulana wa miaka 4 mwenye degedege" ni sawa na kuandika jina lake. Toa takwimu za kundi, epuka picha, na pale ushuhuda wa mtu mmoja unapohitajika, apewe nafasi ya kukataa bila matibabu yake kuguswa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kazi ikivuka kumbukumbu za kawaida na kuwa utafiti, iombewe kibali cha kamati ya maadili kabla ya kuanza.

Angalia nani anakulipa

Daktari Hosokawa Hajime aliongoza hospitali ya kiwanda cha kemikali cha Chisso huko Minamata, Japani. Mei 1956 hospitali yake ndiyo iliyotoa taarifa kwa mamlaka za afya kuhusu ugonjwa usiojulikana wa mishipa ya fahamu. Mwaka 1959 alimlisha paka majitaka ya kiwanda, na paka huyo akapata dalili zile zile za wagonjwa. Uongozi wa kampuni ulimzuia kuendelea, matokeo hayakutangazwa, na majitaka yenye zebaki yaliendelea kumwagwa hadi mwaka 1968. Hosokawa alitoa ushahidi mahakamani mwaka 1970, akiwa mgonjwa kitandani, miezi michache kabla ya kufariki. Simhukumu, lakini kila daktari anayeajiriwa na mgodi, shamba kubwa la maua au kiwanda cha saruji anapaswa kuyafikiri haya kabla hayajamfika: mkataba wako unasemaje kuhusu matokeo ya vipimo vya wafanyakazi, na ni nani mwingine ana nakala? Hata msaada wa kujengewa wodi na kampuni inayolalamikiwa utangazwe wazi mapema.

Andika kwa namna inayoweza kujibiwa

Linganisha kauli mbili. Ya kwanza: "Kiwanda hiki kinaua watoto wetu na serikali imekaa kimya." Ya pili, kwa tarakimu za mfano: "Kati ya watoto 40 wa chini ya miaka 5 wa mtaa huu waliopimwa mwezi Machi, 22 wana zaidi ya mikrogramu 5 za risasi kwa desilita ya damu, tunaomba udongo na maji ya mtaa yapimwe ndani ya siku 14 na majibu yatolewe kwa wakazi." Ya kwanza inaonyesha uchungu wa kweli, ila ofisa anaweza kuikana kwa sentensi moja. Ya pili inamlazimu ama apime au aeleze kwa nini hapimi.

Barua hiyo isitoke kwa mtu mmoja. Mshirikishe mapema afisa afya wa kata, ambaye sheria inampa uwezo wa kukagua maeneo ambayo daktari hawezi kuyaingia, kisha ipitie kwa mganga mkuu wa wilaya, au kwa idara ya afya ya kaunti kwa walio Kenya, huku nakala ikienda kwa taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira, NEMC kwa Tanzania au NEMA kwa Kenya. Mtumishi wa umma anayeruka ngazi hizi huhamishwa, na hoja yake huhama naye. Ngazi zikikaa kimya, Chama cha Madaktari Tanzania au chama cha madaktari wa Kenya kinaweza kusema lile ambalo mtu mmoja hawezi. Taja sheria kwa jina: Ibara ya 42 ya Katiba ya Kenya inatoa haki ya mazingira safi na yenye afya, na Ibara ya 70 inamruhusu mlalamikaji kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amedhurika. Kwa Tanzania, haki ya mazingira safi imo katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

Hata hivyo, mahali penye faida kubwa zaidi ni kabla mradi haujajengwa. Tathmini ya athari kwa mazingira huwa na kipindi cha kupokea maoni ya umma, na ripoti nyingi huieleza afya kwa aya chache zinazozungumzia ajali za kazini na UKIMWI. Daktari wa wilaya akifika kwenye kikao hicho na kudai wakazi wapimwe kabla ya uzalishaji kuanza, atakuwa amewapatia ile takwimu ya "kabla" ambayo Owino Uhuru haikuwa nayo.

Hospitali yako nayo ikaguliwe. Kichomea taka kinachotoa moshi mweusi juu ya nyumba za majirani, hasa kinapochoma plastiki za drip na mipira, humpa mwenye kiwanda jibu la haraka. Tenganisheni taka wodini, na vipimajoto vya zebaki vibadilishwe.

Baada ya agizo la kufunga chanzo kutolewa, usifunge faili. Risasi haiozi, hubaki kwenye udongo, kuta na mapaa muda mrefu baada ya tanuri kuzimwa. Omba mpango wa usafishaji ulioandikwa, na uwaandikie wazazi wa watoto wote waliokutwa na kiwango cha juu tarehe ya kurudi kupimwa, ukianza na wanaonyonya na wanaotambaa, kwa kuwa hao ndio walio karibu zaidi na vumbi.